Kabla ya Kuweka Dau, Tuhesabu Kitita

Leo tuko na mada ambayo imetuletea maneno mengi: kamari. Sisi tunaojitolea kwenye kituo cha vijana hapa Nakivale tumekuwa tukifundisha hesabu kwa kutumia karata kila Jumamosi, na kuna wazazi wamekuja kutuuliza, tena wana haki ya kuuliza, "Ninyi watoto, mnawafundisha wadogo zenu kubeti?" Tunaandika ili tuwajibu kwa heshima, na ili wewe kijana unayesoma ukiwa na mkeka mfukoni uone kitu ambacho sisi tunakiona.

Kwanza hali ilivyo, kwa sababu wasomaji wengine hawaishi huku. Mwaka 2023 wakimbizi wa Uganda tuligawanywa makundi matatu kwa ajili ya mgao wa chakula, na familia za kundi la tatu zikatolewa kabisa. Hata kwa wale waliobaki, hela inayoingia kwenye simu ni ndogo. Na hela ikiwa ndogo sana inaanza kumdanganya mtu. Anaiangalia, anaona haitoshi mwezi, haitoshi hata wiki mbili, basi anasema: afadhali niipande, labda itazaa. Kijana mmoja jirani yetu aliipanda hela ya mama yake yote kwenye mechi sita. Tano zikaingia. Ya sita ikatoka sare dakika za mwisho. Mama alijua habari hiyo akiwa dukani, unga umeshapimwa, simu iko mkononi, salio hakuna. Mwenye duka akamkopesha, na mwezi uliofuata nusu ya mgao ikaenda kulipa deni.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inasema mtu asicheze kamari kabla ya kufika miaka 25. Wengi wetu bado hatujafika huko. Lakini ukitumia simu ya kaka mkubwa, nani atakuuliza umri? Mabango ya "Kamari ni mbaya" tunayo pia, mazuri, ya rangi. Tulipokaa na vijana chini ya bango moja na kuwauliza wanaonaje, mmoja alitujibu hivi: "Najua ni mbaya. Lakini nikipata laki tano?" Bango halina jibu la swali hilo. Linasema mbaya, yeye anaona laki tano. Kwa hiyo tukaamua kuanzia hapo hapo kwenye laki tano.

Mchezo tunaoutumia unaitwa poka, ule wa Marekani. Hatuchezi kwa hela. Tunachezea punje za mahindi, na mwisho wa somo punje zote zinarudi kwenye mkebe, hakuna anayeondoka nazo. Tumeuchagua mchezo huu kwa sababu una hesabu moja nzuri ambayo karata zetu za kawaida hazina. Kila mara mwenzako akiweka dau, unatakiwa uamue: unalipa uendelee, au unaweka karata chini unatoka. Na uamuzi huo una hesabu yake.

Tufanye mfano. Kila mchezaji ana karata mbili za siri mkononi. Mezani zinafunguliwa karata tano za wote: tatu kwanza, halafu moja, halafu ya mwisho. Sasa tuseme wewe una kopa mbili mkononi. Mezani zimeshafunguliwa karata nne, na mbili kati ya hizo ni kopa. Jumla una kopa nne. Ukipata ya tano, unashinda. Usipoipata, umeshindwa. Imebaki karata moja tu ya kufunguliwa.

Katikati ya meza pana punje 100. Hicho ndicho tunakiita kitita. Mwenzako anaongeza 50. Sasa kitita kimefika 150, na wewe ili ubaki lazima ulipe 50. Je, ulipe?

Vijana wote siku ya kwanza wanajibu kwa kuangalia kitita. "150 kwa 50! Lipa!" Sisi tunawaambia subirini, tuhesabu karata. Karata zote ni 52. Wewe umeona sita: mbili zako na nne za mezani. Zimebaki 46 ambazo hujaziona. Kopa zote ni 13, umeshaona nne, zimebaki tisa. Kwa hiyo kati ya karata 46, tisa zinakuokoa na 37 zinakuua.

Tuseme sasa mkono huo huo unaupata mara 46, na kila karata inatoka mara moja. Mara tisa unashinda 150, hiyo ni 1,350. Mara 37 unapoteza 50, hiyo ni 1,850. Umeingia hasara ya punje 500. Kitita kilikuwa kikubwa, na bado bei ya kuingia ilikuwa mbaya.

Halafu tunabadilisha kitu kimoja tu. Mwenzako haongezi 50, anaongeza 20. Kitita ni 120, unalipa 20. Karata ni zile zile, nafasi ni ile ile. Mara tisa unashinda 120: jumla 1,080. Mara 37 unapoteza 20: jumla 740. Umepata faida ya 340. Hapo unalipa, tena bila kutetemeka, hata kama unajua kwamba mara nyingi utashindwa.

Kuna njia fupi ya kufanya hesabu hii kichwani. Chukua unacholipa, kigawe kwa kitita chote pamoja na malipo yako. Kwenye mfano wa kwanza ni 50 kwa 200, yaani robo. Nafasi yako ni tisa kwa 46, karibu sehemu moja ya tano. Moja ya tano ni ndogo kuliko robo, weka karata chini. Kwenye mfano wa pili ni 20 kwa 140, yaani moja ya saba. Moja ya tano ni kubwa kuliko moja ya saba, lipa. Wachezaji wazoefu wanaongeza pia zile hela ambazo wanaweza kumtoa mpinzani baada ya karata ya mwisho kufunguka, lakini sisi kwenye somo tunaliacha hilo ili wadogo wasichanganyikiwe.

Kuna jambo la pili ambalo vijana wanalipinga sana. Punje ulizokwisha kuweka katikati si zako tena. Ni za kitita. Unapoamua kulipa au kutolipa, hauulizi "nimeshaweka ngapi", unauliza "nalipa ngapi sasa, na nafasi yangu ni ipi". Tunajua kwa nini wanapinga. Ni kwa sababu mtaani lugha ni nyingine: "Nirudishe kwanza ile niliyopoteza." Ile uliyopoteza hairudi kwa sababu unaitaka. Mkeka wa leo haujui kama jana uliliwa.

Sasa tuje kwenye mkeka wenyewe. Tuanze na sarafu kwa sababu kila mtu anaijua: pande mbili, nafasi nusu kwa nusu. Mtu akikwambia weka 1,000, ukipatia nakupa 1,800 zote pamoja na ile yako, unaona ni hela nzuri. Lakini cheza mara mbili: umeweka 2,000, umepatia mara moja, umerudishiwa 1,800. Zile 200 zimebaki kwake. Kwenye kila 100 anachukua 10. Hiyo ndiyo odi ya 1.80 kwenye mechi ambayo nafasi yake ni nusu.

Mkeka wa mechi moja vijana wanaudharau. Wanataka mechi tano, ili odi zizidishane. Sawa, tuzidishe. 1.80 mara tano inakupa karibu 18.9. Ukiweka 1,000 na zote zikaingia, unapata kama 18,900. Hapo ndipo macho yanapong'aa. Lakini nafasi nazo zinazidishana. Nusu ya nusu ya nusu, mara tano, ni moja kwa 32. Cheza mikeka 32 ya namna hiyo: umetoa 32,000, umeshinda mmoja, umepata 18,900. Zimekwenda 13,100. Mwanzo alikuwa anachukua 10 kwenye kila 100, sasa anachukua 41. Kadiri mkeka unavyokuwa mrefu, ndivyo fungu la mwenye mchezo linavyokua, na ndiyo maana anafurahi ukiongeza mechi.

Hapa kuna tofauti kubwa na poka. Kwenye poka bei ya kuingia inabadilika kila mara. Leo mwenzako anaweka 50, kesho 20, na wewe unaweza kusubiri bei nzuri. Kwenye mkeka bei anaipanga mwenye duka peke yake, na ameshajikatia fungu lake kabla wewe hujafika. Mtu atasema, "Lakini mimi naijua mpira." Tunakubali, wapo wanaoujua. Lakini haitoshi kujua nani atashinda. Unatakiwa ujue kuliko yule aliyepanga odi, tena kwa kiasi kinachozidi lile fungu alilojikatia, na ujue hivyo kwenye mechi zote tano.

Sasa tuwaambie kisa ambacho kilitushangaza sisi wenyewe tulipokuwa tunaandaa masomo. Hesabu hizi za nafasi zilianza kwenye meza za kamari. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Pascal na Fermat, waliandikiana barua kuhusu swali hili: mchezo ukikatika kabla haujaisha, hela iliyoko katikati igawanywe vipi? Wakaona kwamba huwezi kugawa kwa kuangalia nani anaongoza tu, lazima uhesabu njia zote ambazo mchezo ungeweza kuishia. Baadaye akaja Abraham de Moivre. Huyu alikuwa Mprotestanti wa Ufaransa. Mwaka 1685 mfalme Louis XIV alifuta amri iliyokuwa inawalinda Waprotestanti, na watu wengi sana wakakimbia. De Moivre akafika London akiwa kijana wa miaka ya ishirini. Mkimbizi, kama sisi.

Alitaka kufundisha chuo kikuu, hakupata kazi hiyo mpaka mwisho wa maisha yake. Mgeni ni mgeni. Akaishi kwa kufundisha watoto wa matajiri nyumba kwa nyumba. Inasimuliwa kwamba alichana kurasa za kitabu kikubwa cha Newton akawa anazibeba mfukoni, anazisoma njiani akitoka kwa mwanafunzi huyu kwenda kwa mwingine. Alikaa pia kwenye migahawa ya kahawa, na wacheza kamari wakawa wanakuja kumlipa awahesabie nafasi zao. Mwaka 1718 akatoa kitabu chake, The Doctrine of Chances, kuhusu hesabu za bahati. Mwaka 1725 akatoa kingine, safari hii kuhusu malipo ambayo mtu anapokea kila mwaka mpaka afe, hesabu ambazo bima na pensheni zinazihitaji. Alikufa mwaka 1754, bado maskini.

Tunamtaja kwa sababu vijana wetu wanadhani hesabu hizi ni za wazungu wenye kompyuta. Mtu aliyeziandika vizuri alikuwa mkimbizi asiye na kazi rasmi, na alijua vizuri kwamba anayekula kwa kamari ni yule anayeshika hesabu.

Sasa tutoke mezani, maana kwenye kambi kuna vitita vingine vikubwa kuliko mkeka. Cha kwanza ni kuhamishiwa nchi ya tatu. Kila mtu anataka Canada, Marekani, Australia. Na kila mwaka anatokea mtu wa kati, anavaa vizuri, anasema, "Leteni dola 200 niingize jina la familia kwenye listi." Ukiangalia kitita tu, dola 200 ni bei ndogo sana kwa maisha mapya. Lakini uliza swali la karata: hela hii inaniongezea karata ngapi? Duniani kote, wakimbizi wanaohamishiwa nchi ya tatu kwa mwaka hawafiki hata mmoja kwa kila mia. Na huduma hiyo ni bure, haiuzwi. Kwa hiyo dola 200 zinakununulia karata sifuri. Kitita kiwe kikubwa namna gani, sifuri ukizidisha ni sifuri. Bei yoyote ni ghali.

Cha pili ni kinyume chake, na hapa tunaomba vijana msome polepole. Kuna nafasi za masomo, kwa mfano ule ufadhili wa DAFI ulioanza mwaka 1992 kwa ajili ya wakimbizi kusoma chuo kikuu. Tunawahimiza vijana waliomaliza sekondari waombe. Wengi wanatujibu, "Kwani watanichagua mimi? Wanaomba watu mia na mia." Tunawauliza: kuomba kunakugharimu nini? Tuseme bando, picha za paspoti, kutoa nakala za vyeti, nauli: shilingi 20,000. Kitita ni ada ya miaka mitatu au minne, na kila kitu kinachofuata baada ya shahada. Hebu tuhesabu ada peke yake shilingi milioni nane. Kwa bei hiyo, hata kama ungechaguliwa mara moja tu kwa kila 100, hesabu inasema omba. Ukiomba mara 100 umetoa milioni mbili, umepata milioni nane. Na kila fomu ukiijaza vizuri zaidi, unajiongezea karata wewe mwenyewe, jambo ambalo mkeka haukupi.

Kwa hiyo mnaona kwamba kijana anayeweka mgao kwenye mechi sita, na kijana anayekataa kuomba masomo kwa sababu "hawatanichagua", wamekosea hesabu moja. Wa kwanza ameangalia kitita bila kuangalia nafasi. Wa pili ameangalia nafasi bila kuangalia kitita. Wote wawili hawakuuliza bei.

Liko jambo la mwisho ambalo hesabu ya kitita peke yake haikufundishi, nalo wacheza poka wa kweli wanalishika sana. Hata bei ikiwa nzuri, usiweke dau litakalokutoa mezani. Rudi kwenye ule mfano wa pili, wa kulipa 20. Tulisema ni faida, lakini kumbuka unashindwa mara 37 kati ya 46. Ukiwa na punje 20 tu kwenye mkebe wako, mara nyingi hutafika kuiona ile faida, kwa sababu utakuwa umeshatoka. Hela ya unga ndizo hizo punje 20 za mwisho. Hakuna odi duniani ya kuzilipa.

Ndiyo maana wengi wetu tunaipenda likelemba ya mama zetu. Watu kumi, kila mwezi kila mtu 10,000, na kila mwezi mmoja anapokea 100,000. Hakuna kinachozaa pale, unapokea kile kile ulichotoa. Lakini kitita kinakufikia kwa zamu, kikubwa cha kutosha kununua kitu cha maana, na hakuna mwenye duka anayejikatia fungu. Hatari yake ni moja, mtu kupokea mapema halafu akahama. Kwa hiyo mama zetu wanamchunguza mtu kabla hawajamwingiza, na mgeni wanampa zamu ya mwisho. Hiyo nayo ni hesabu ya nafasi, ila wao hawaiiti hivyo.

Sasa jibu letu kwa wazee. Baba zetu, mama zetu, wachungaji na masheikh, tunaelewa hofu yenu na hatuna ubishi na mafundisho ya dini. Ambaye imani yake inamkataza kugusa karata, tunamfundisha hesabu zile zile kwa mifuniko ya soda ya rangi mbili ndani ya mfuko. Tunachoomba ni kwamba msituambie tunyamaze. Watoto wanajua kubeti tayari, wamefundishwa na redio na simu na jezi za timu wanazozipenda. Ambacho hawajafundishwa ni kuhesabu.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, mabango yenu tutaendelea kuyabandika. Lakini tungeomba pia ubao, chaki, na mwalimu wa hesabu mara moja kwa mwezi. Mtoto aliyepiga mwenyewe hesabu ya mikeka 32 na kuona zile 13,100 zinakwenda wapi, haitaji sana kuambiwa ni mbaya.

Jumamosi tunaendelea kuanzia saa nane mchana, pale pale kituoni. Wiki hii tutaleta mikeka iliyoliwa, tuihesabu pamoja bila kumcheka mtu. Ukiwa nayo, ilete. Njoo na kalamu na daftari. Punje tuko nazo.